Nailoni Nyuma ya Paneli: Nilivyovalisha Ndani ya Volkswagen ya 1971

Nyuma ya paneli ya mlango wa Volkswagen Beetle huwa kuna karatasi ya nailoni, na Beetle nyingi nilizowahi kuzichungulia hapa Dar es Salaam hazinayo tena. Kiwandani waliibandika kwenye bati la mlango, wakatoboa nafasi ya mhimili wa mkono wa kuzungushia kioo na kitasa cha ndani, ndipo wakafunga paneli juu yake. Baadaye fundi wa kwanza anayefungua mlango kurekebisha kioo huichana, wa pili huing'oa na kuitupa, na wa tatu hajui kama iliwahi kuwepo. Mimi nimevalisha upya ndani ya Beetle 1300 ya mwaka 1971, kuanzia silingi, yaani vazi la ndani ya paa, hadi kapeti. Watu wakija kuliona gari huulizia reksini nilinunua wapi na uzi ule ni rangi gani. Nailoni hakuna anayeiulizia.

Mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji yasiingie ndani yake. Mvua ikipiga kioo, maji huteremka, na mengine hupita kwenye raba inayofuta kioo pale ukingoni mwa dirisha. Yakishapita hapo yamo tumboni mwa mlango. Huko hutiririka juu ya bati, hudondokea mashine ya kupandishia kioo, hurukaruka, mwisho hutokea kwenye matundu madogo yaliyo chini kabisa. Yote hayo ni sawa. Mhandisi aliyeuchora mlango aliyajua. Kazi ya nailoni ni kuhakikisha tone lolote linalorukia upande wa ndani linarudishwa mlangoni lisifike kwenye ubao wa paneli. Na ubao wenyewe ni hadibodi, nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa joto. Hadibodi ikinywa maji hufura, na ikikauka hairudi unene wake wa mwanzo. Huanza kubenuka chini, matundu yanayoshika klipu yanalegea, reksini inaachia ukingoni. Mwenye gari anaona paneli imechoka, anakwenda kwa fundi siti, anatengenezewa nyingine ya kupendeza, inafungwa juu ya bati tupu. Masika machache yakipita, anarudi kwa fundi yule yule na malalamiko yale yale, na safari hii lawama zinaangukia hadibodi.

Gari langu lilikuwa limekaa miaka mingi Tanga, jirani na bahari, na hewa ya chumvi ilikuwa imefanya yake. Bodi na rangi vilikwisha kurudishwa nilipoanza kazi ya ndani. Paneli za milango alizokuwa nazo mwenye gari wa mwanzo zilikuwa zimepigiliwa kwa skrubu kupita usoni mwa reksini, kwa sababu klipu zilikatika na gereji iliyolihudumia wakati huo haikutaka kusumbuka. Skrubu ya chuma kitupu ndani ya bati la mlango, kando ya bahari: kila moja ilikuwa imezungukwa na duara la kutu, na mbili zilitoka na kipande cha bati. Ndiyo sababu naanza na kinachofichwa. Paneli mbaya inayoshikwa na klipu unaweza kuibadilisha alasiri moja. Bati lililooza linarudisha gari kwa fundi wa kuchomelea, na ukichomelea mlango uliokwisha pigwa rangi, umeanza kazi upya.

Beetle ina bahati ambayo magari mengi ya umri wake hayana. Zilitengenezwa 21,529,464 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, kwa hiyo vitu vidogo kama klipu, viraba vya matundu na raba za milango vinaendelea kutengenezwa. Mwenye Peugeot 404 analia; mwenye Beetle anaagiza. Ila kuagiza kwenyewe kunataka akili. Volkswagen walikuwa wakianza mwaka wa modeli mwezi Agosti, hivyo gari lililotoka Septemba 1971 kwa hesabu yao ni modeli ya 1972. Tumia namba ya chesisi, usitumie mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Na paneli zilizokwisha tengenezwa, angalia kama hazikutobolewa kwa gari la usukani wa kushoto. Mimi sikuagiza paneli. Niliagiza klipu na raba, nyingine nikatengeneza hapa hapa.

Sasa mpangilio. Paneli za milango huingia mwisho, na mtu akikosea mpangilio huu hakuna gundi itakayomwokoa. Kwanza silingi, kisha nguzo za pembeni, kisha vioo na raba zake, kisha kapeti, kisha paneli za nyuma, milango baadaye kabisa. Silingi lazima itangulie vioo kwa sababu kingo zake hukunjiwa kwenye ukingo wa bati wa dirisha, zikagundishwa pale, halafu raba ya kioo inakuja kuzibana. Anayekuahidi kubadilisha silingi ya Beetle bila kutoa kioo cha mbele na cha nyuma amekusudia kukata kingo na kuzifutika chini ya raba kwa bisibisi. Itapendeza siku ya kukabidhiwa. Joto likiizoea itaanza kuchomoka kwenye kona.

Silingi ndiyo kazi niliyoiogopa kuliko zote, na sasa ndiyo ninayoipenda. Haibandikwi kwenye bati la juu. Inaning'inia kwenye fito za chuma zinazopita katika mifuko iliyoshonwa mgongoni mwake, na ncha za fito hizo hukaa kwenye matundu ya kingo za paa. Kila ufito una mkunjo wake, maana paa la Beetle halipindi sawasawa mbele na nyuma. Kabla hujatoa silingi kuukuu, funga utepe kwenye kila ufito uandike ni wa wapi na upande upi ni kulia. Ukizichanganya, silingi itavutika mahali ikalegea pengine, na utahangaika kutwa nzima ukidhani mshonaji ndiye aliyekosea. Fito nazo zisafishwe kwa msasa na kupigwa rangi. Kutu ya ufito hupenya kwenye mshono na kutoa mstari wa kahawia upande wa chini, na doa hilo halitoki kwa sabuni yoyote.

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaokushauri upashe reksini moto kwa mashine ya hewa. Sisi jua tunalo. Niliitandaza silingi juu ya shuka safi, uso wake chini, katika jua la saa sita, mpaka ikawa laini na kutii mkono. Tukaingiza fito, tukaipandisha ndani ingali na joto. Nasema tukaipandisha kwa kuwa hii haifanywi na mtu mmoja. Shemeji yangu alisimama upande wa pili, na kila niliyemwona akijaribu peke yake aliishia na alama za vidole vichafu kwenye kitu cheupe. Vuta kwanza mbele na nyuma, kuanzia katikati ukielekea pembeni, halafu ndiyo uje ubavuni. Usitie gundi bado. Vibanio vya nguo, vile vya mbao vyenye springi kali, vinatosha kuishikilia kwenye kingo za madirisha ukitazama mikunjo inaelekea wapi. Mkunjo hukuonyesha wenyewe upande wa kuvutia: ukienda sambamba na fito, vuta mbele au nyuma, ukikata mshazari kwenye kona ya dirisha la nyuma, legeza jirani yake kwanza.

Kuna vitu viwili vya kukumbuka kabla silingi haijafunga kila kitu. Waya za taa ya ndani ziwe zimekwisha pita na kujaribiwa, na nafasi za mikanda ya kiti kwenye nguzo ziwekewe bolti inayochomoza. Ukishafunika nguzo kwa reksini, tundu la mkanda halionekani tena. Bolti inayochomoza utaipapasa kwa kidole ukajua wapi pa kutoboa. Beetle kuanzia modeli iliyotoka Agosti 1970 ina pia vitundu vya hewa vyenye umbo la mwezi mwandamo nyuma ya madirisha ya ubavuni. Hewa ya ndani hutokea pale, kwa hiyo usije ukaijazia njia yake sponji kwa nia njema.

Kwa habari ya gundi nilikuwa na mwalimu. Kuna mzee mmoja fundi wa siti Ilala ambaye amevalisha mabasi tangu enzi za mabasi ya pua. Nilimpelekea reksini na hadibodi nikitaka anishonee mistari tu. Akaipindua ile reksini, akaikuna kwa ukucha, akaniuliza, "Mwanangu, gari hili linalala kivulini ama juani?" Nikamwambia usiku kivulini, mchana popote pale, mara nyingi juani. "Basi gundi uliyonunua mpe fundi seremala," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Alikuwa na hoja, na baadaye nilielewa kemia yake. Reksini ni PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu, ikalainishwa kwa mafuta maalumu ili ikunjike. Mafuta hayo hayatulii. Kidogo kidogo yanahama kutoka kwenye reksini, na yakikutana na gundi ya njano ya mpira inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, yanaingia ndani yake na kuilainisha. Ongeza joto la gari lililofungwa vioo juani, ambalo juu ya dashibodi hupita nyuzi 60 bila shida, na gundi inageuka ulimbo. Reksini inateleza taratibu kuteremka, kingo zinafunuka. Mafundi viatu waliligundua jambo hili zamani kwa sababu soli nyingi ni za PVC, ndiyo maana kwa soli hizo hutumia gundi ya poliyurethani, ile isiyo na rangi, inayopitisha mwanga. Mzee alinielekeza kwa muuza vifaa vya viatu Kariakoo, si kwa muuza vifaa vya magari.

Sikumkubali kwa maneno tu. Nilibandika vipande vya reksini kwenye hadibodi, kimoja kwa gundi ya njano na kingine kwa gundi ya viatu, nikaning'iniza nati nzito kwenye ncha ya kila kimoja na kuviacha nyuma ya kioo cha mbele juani. Cha gundi ya njano kilianza kujimenya siku ile ile. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ningemshauri yeyote alifanye kwa gundi anayouziwa, hata kama mkebe wake una picha ya gari.

Gundi za aina zote mbili hupakwa pande zote mbili, zikaachwa zikauke mpaka kidole hakivuti nyuzi, ndipo vitu vinakutanishwa. Pwani kuna nyongeza ambayo haipo kwenye mkebe. Asubuhi yenye unyevu, gundi inapokauka hupoza uso wake, na umande mwembamba hutua juu yake usiuone vizuri. Utaona weupe hafifu tu. Ukibandika juu ya weupe ule, umebandika juu ya maji. Kazi ya gundi niliifanya kati ya saa tano na saa tisa, upepo ukiwa mkavu kidogo, na mlango wa banda wazi, kwa sababu mvuke wa gundi hizo unalevya.

Paneli zenyewe zilianzia kwenye karatasi ya manila. Watu wengi huchukua paneli kuukuu wakaiweka juu ya hadibodi na kuchora pembeni yake. Paneli iliyofura imekwisha ongezeka ukubwa na matundu yake yamehama, kwa hiyo unanakili ugonjwa. Nilibandika manila kwenye mlango wenyewe, nikapapasa kila tundu la klipu na kulitia alama kwa penseli. Mhimili wa mkono wa kioo nilipaka chaki nchani, nikasukuma karatasi, alama ikajichora yenyewe. Kisha hadibodi ya milimita 3 ikakatwa ndogo kidogo kuliko manila pande zote, kwa ajili ya unene wa reksini itakayozunguka ukingo. Hapo ndipo paneli nyingi mpya hukataa kukaa: zimekatwa sawasawa na mlango, reksini ikaongezwa, sasa zinagusana na raba ya mlango na mlango haufungi vizuri.

Hadibodi ilipakwa vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, tena kingoni mara nyingi zaidi, kwani ukingo ndio unaonywa. Usipake upande mmoja peke yake. Upande usiopakwa utaendelea kuvuta na kutoa unyevu, uliopakwa umetulia, na ubao utapinda hata ukiwa umelala mezani. Baada ya vanishi kukauka niliziweka klipu na kuzijaribisha paneli zikiwa tupu: mlango ukafungwa na kufunguliwa, kiti kikasogezwa mbele na nyuma, mkono wa kioo ukazungushwa mzunguko mzima. Ukiona tatizo paneli ikiwa tupu, unalimaliza kwa tupa.

Hapa mimi na mzee wa Ilala tuligombana kwa adabu. Yeye alitaka sponji nene na mishono ya mraba mraba, "ikae kitajiri." Paneli ya asili ya Beetle ni bapa, na mistari yake haikushonwa, ilikandamizwa kwa joto. Sponji nene inasukuma reksini nje, mkono wa kioo unashindwa kuingia vizuri kwenye meno ya mhimili wake, skrubu yake inashika nyuzi chache tu, na siku moja mkono unakubakia kiganjani katikati ya Daraja la Selander. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema wateja wake wanapenda kubonyea. Tulikubaliana sponji nyembamba sana, ile isiyonywa maji, na mistari miwili ya mlalo iliyoshonwa kabla ya kugundisha, ili matundu ya sindano yafunikwe kwa nyuma na kitambaa. Nakiri kushona si uaminifu kamili kwa gari la kiwandani. Anayelipeleka gari lake kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa, kule Nairobi asifuate njia yangu. Waamuzi hukagua ndani pia. Langu ni gari la kwenda sokoni.

Reksini huvutwa kuanzia katikati ya kila ubavu, juu kisha chini, kushoto kisha kulia, na kona huja mwisho. Kwenye kona, kata vipembe vidogo upande wa nyuma ili mikunjo isipandane. Kona nene huinua paneli na kuacha mwanya ambao jicho huuona kabla ya kitu kingine chochote. Tundu la mkono wa kioo usilikate duara. Chana msalaba mdogo, sukuma vilimi nyuma, kifuniko cha plastiki kitaziba.

Kisha nikarudi kwenye nailoni. Nilitumia ile nzito nyeusi ya ujenzi inayotandikwa chini ya zege la sakafu, nikaikata kwa manila ile ile. Mashine ya kioo ilikuwa imekwisha pakwa grisi, na matundu ya chini ya mlango yamezibuliwa kwa spoki ya baiskeli. Kingo za juu na za pembeni zilibandikwa kwa utepe mweusi laini unaonata usiokauka, na ukingo wa chini niliuingiza ndani ya mlango kupitia uwazi wa bati. Huo ukingo wa chini ndio wenye maana kuliko mwingine wowote. Ukiubandika nje ya bati, maji yanayoteremka juu ya nailoni yatakusanyika pale chini na kupita kwenda kwenye hadibodi, na utakuwa umejenga mfereji wa kuipelekea maji. Ukiwa ndani, yanadondokea tumboni mwa mlango na kutoka. Kabla ya kufunga paneli nilibandika gazeti juu ya nailoni na shemeji akamimina maji juu ya kioo kwa ndoo. Gazeti linaonyesha tone dogo kabisa. Mlango wa dereva ulipita. Wa abiria ulionyesha doa karibu na mhimili wa mkono wa kioo, nikazungushia utepe zaidi.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko maandalizi yote. Viraba vya matundu vilikwisha ingizwa kwenye bati, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyozuia klipu isikwaruze rangi na maji yasipite tunduni. Nilipaka klipu mafuta mgando kidogo. Paneli inaanzia kona mbili za juu, halafu unatembeza kiganja ukisikiliza kila klipu inavyoingia. Isiyoingia usiipige ngumi. Ivute paneli kidogo uchungulie, mara nyingi klipu imeinama. Na siku ya kufungua, usitumie bisibisi nyembamba. Tafuta bati pana lenye mkato katikati, lizungushie kitambaa, ulichomeke jirani kabisa na klipu. Ukivuta katikati ya klipu mbili, hadibodi inapasuka na klipu inabaki mlangoni.

Kapeti sitaieleza sana. Itakuwa nzuri tu kama kilicho chini yake ni kizuri. Vile vizingiti vya pembeni, ambavyo kwenye Beetle ni njia ya hewa ya moto, hapa Dar hakuna anayevihitaji kwa joto, lakini ndivyo vinavyounganisha bodi na sakafu. Vigonge kwa kishikio cha bisibisi urefu wote kabla ya kugundisha kapeti. Sauti ikibadilika, simama hapo hapo.

Kiti cha nyuma nacho kina habari yake, na hii hata asiyejali urembo aisome. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kiti kina springi za chuma, na juu yake tabaka la makumbi na manyoya yaliyoshikanishwa kwa mpira. Springi zikichoka, akakaa mtu mzito, chuma kinagusa vichwa vya betri. Cheche zinarukia makumbi makavu, na gari linawaka abiria akiwa amekaa juu ya moto. Magari yalitoka na kifuniko cha betri, na vifuniko hivyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Mzee wa Ilala alipolipapasa tabaka langu la zamani alilitambua mara moja, akashauri nilibakize na kuongeza makumbi mapya palipobonyea, kwa kuwa yanapitisha hewa na sponji ya godoro inatunza jasho. Nikakubali, kwa sharti la kifuniko kipya cha plastiki ngumu juu ya betri na kipande cha raba nene kilichofungwa chini ya springi upande ule. Hapo siwezi kumhurumia mtu anayenunua reksini ya bei kubwa na kuacha betri uchi.

Milango ikishapata raba mpya itakataa kufunga. Usilaumu paneli. Beetle ilisifika tangu zamani kwa kuziba hewa, na ni gari lililotamba kwenye rali ya Afrika Mashariki likashinda mwaka 1954, 1957 na 1962 katika vumbi na matope yetu haya. Fungua kioo kidogo ndipo ufunge mlango. Raba hukaa sawa baada ya muda, na atakayeipunguza kwa wembe katika wiki za mwanzo atakuwa na mlango unaopiga kelele maisha yote.

Masika yalipokwisha nilifungua paneli ya abiria, ile iliyokuwa na doa kwenye gazeti. Hadibodi ilikuwa kavu mpaka ukingo wa chini. Ndani ya mlango kulikuwa na mchanga mwembamba uliokuwa umeanza kuziba tundu moja la maji, na klipu mbili za upande wa bawaba zilikuwa zimeshika kutu ya juu juu. Nimezibadilisha, tundu nimelizibua, na zile klipu zilizobaki kwenye pakiti nimezipaka rangi kabisa kabla ya kuziweka kwenye droo. Mlango wa dereva nitaufungua baada ya vuli.